Njia Iliyohamia kwa Mama Pindo

Asubuhi hiyo Mama Pindo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ndani ya soksi, anaitafuta soksi ya pili chini ya mto, wakati msukuma mkokoteni alipoingia na gunia la mkaa begani. Alipiga hodi akiwa tayari yuko ndani. Akapita kati ya kitanda na kabati, akainamisha kichwa asigonge kamba ya nguo, akafungua mlango wa nyuma, akatoka.

"Karibu," alisema Mama Pindo, ila mlango ulikuwa umeshafungwa.

Aliipata soksi, akaivaa. Kabla hajasimama waliingia wanawake wawili na mtoto mwenye kikohozi. Hao walisalimia kama watu.

"Shikamoo, Mama Pindo."

"Marahaba. Mnakwenda wapi saa hizi?"

"Kliniki."

"Kwa kupitia chumbani kwangu?"

Mwenye mtoto alitazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa jina la mume wake mbele ya watu. "Mbona ndiyo njia," alisema.

Mama Pindo aliwasindikiza. Siku zote mlango ule wa nyuma ulifungukia banda la kuku na ndoo moja mbovu. Sasa ulifungukia lango la kliniki. Ubao wa saa za kazi ulikuwa pale, benchi la wagonjwa lilikuwa pale, na mlinzi alikuwa anafagia majani. Banda halikuonekana. Kuku wenyewe walirudi jioni kwa mlango wa mbele, wameudhika, na walikaa muda mrefu bila kutaga. Mama Pindo alisimama kizingitini akatazama. Aliona fagio la mlinzi limekwisha, akamwambia anunue jingine. Kisha alirudi ndani kutandika kitanda, maana kama watu watapita, ni heri wakikute kimetandikwa.

Zamani njia hiyo ilikuwa na mahali pake. Ilianzia bombani, ikapita kati ya maghala mawili, ikatokea kliniki, na ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu aliondoka nyumbani na homa akafika nayo ingali moto. Halafu mwenye ghala moja akanunua na ghala la pili. Akaunganisha kiwanja na kiwanja, akajenga ukuta juu ya njia, na juu ya ukuta akapanga vipande vya chupa. Ofisi ya ardhi ilimpa kibali. Kwenye ramani, walisema, pale hapakuwa na njia, palikuwa na majani. Tangu hapo aliyetaka kliniki alifuata barabara kuu, akazunguka soko, akavuka daraja, akarudi nyuma upande wa pili.

Binti wa kaka yake Mama Pindo alishikwa na uchungu ukuta ukiwa bado unanukia saruji. Walimpakia kwenye mkokoteni. Walipofika sokoni ilikuwa siku ya mnada na hapapitiki. Mtoto alizaliwa nyuma ya vibanda vya vitunguu, na hakulia.

Sasa binti huyo alikuwa mjamzito tena. Hakuna aliyeyataja ya sokoni mbele yake, ila kila mtu alimtazama tumbo kwanza, uso baadaye. Mama Pindo alimshonea gauni pana, akalifungua akalipanua, akalifungua tena akalipanua, na kila alipolipanua aliutazama ukuta kupitia dirishani na kusonya.

Kwa ajili ya yale ya sokoni ndipo ilipoundwa Kamati ya Njia. Kinyozi alichaguliwa kuwa mwenyekiti kwa sababu watu walikuwa wamezoea kumsikiliza kimya, wembe ukiwa shingoni. Mama Pindo alipewa kutunza mabango. Ofisi iliposikia jina la kamati iliuliza kama lina nia mbaya, basi wakaongeza neno moja, ikawa Kamati ya Njia na Amani, na ofisi ikanywa chai yake.

Vijana walitaka nyundo. Mmoja alikuja na mtarimbo kabisa, akausimamisha mlangoni.

"Hebu ondoa hicho chuma chako," Mama Pindo alimwambia. "Utavunja matofali mawili, watakuja askari kumi, na kliniki bado itakuwa ng'ambo ile."

"Sasa tufanye nini, mama? Tuuombe?"

"Tuutembelee."

Basi wakawa wanautembelea. Kila alasiri walishika ile njia ya zamani, kila mtu na kile alichokuwa akikipitisha pale: msukuma mkokoteni na mkokoteni wake, wajawazito na kadi zao, fundi viatu na sanduku lake, kikongwe mmoja na miguu yake iliyovimba. Walitembea polepole mpaka ukutani, wakasimama pua karibu zigusane na matofali, kama vile ukuta utaona haya. Hawakupiga kelele. Walikaa hapo muda wa chungu cha maji kuchemka, wakageuka, wakarudi.

Walifanya kosa moja tu, nalo halikuonekana kosa. Mabango ya maboksi hayapatani na mvua. Chumba cha Mama Pindo kilikuwa kikavu, na kitanda chake cha chuma kilikuwa na miguu mirefu, basi mabango yakalala chini ya kitanda. Chumba kilikuwa chembamba na watu wengi hawakuweza kugeuka ndani yake. Kwa hiyo waliingia mlango wa mbele, wakainama kitandani, wakachukua bango, wakatokea mlango wa nyuma kwenye banda la kuku. Wakarudi hivyo hivyo. Miezi nenda miezi rudi, mtaa mzima ulipita pale, na miguu yote. Ukutani walifika wakakwama, kwa Mama Pindo waliingia wakatoka. Njia ya zamani ilikuwa imekaa bure nyuma ya majani, haina kazi, haina mtu, inaisikia miguu iliyoizoea ikipita mahali pengine. Ikaifuata.

Siku ile ile ya kwanza njia ilipohamia, mwenyekiti aliitisha mkutano chumbani. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akawaacha wagonjwa watatu wapite, akasafisha koo.

"Swali ni moja," alisema. "Anayepita hapa ni mgeni au ni mpita njia? Kama ni mgeni, apewe kiti na maji. Kama ni mpita njia, hodi ya nini?"

"Na mwenye nyumba je?" fundi viatu aliuliza. "Ni mwenyeji, au ni mti wa kando ya njia?"

"Fundi, heshima."

"Nauliza tu, mwenyekiti. Mimi mti huwa siusalimii."

"Mtanisalimia," alisema Mama Pindo, "na mtafuta miguu."

Ikapita hivyo: hodi moja, bila kungoja jibu, na miguu ifutwe. Lakini likabaki suala la wanaokwenda na wanaorudi, kwa sababu walikutana kwenye kona ya kitanda na kona ilitosha mtu mmoja. Wanaokwenda walisema wao ni wagonjwa, wapishwe. Wanaorudi walisema wao wana chupa za dawa mikononi, wapishwe wao. Mwenyekiti aliamua anayekwenda apite upande wa kabati, na anayerudi apande kitandani kidogo, magoti tu. Uamuzi huo ulishindwa siku hiyo hiyo, kwa sababu watu waliokwenda na kurudi walisahau sasa wako upande gani, na mzee mmoja alikwenda kliniki mara nne bila kupenda kabla hajashikwa mkono na kutolewa kwa mlango wa mbele.

Mama Pindo alihamisha cherehani yake karibu na dirisha, akaendelea kushona. Ndani ya muda mfupi aliyajua magonjwa ya mtaa mzima, ya wazi na ya kuficha. Wake na waume walianza ugomvi mlangoni, wakafika nao kwenye kabati, na kwa kuwa yeye yupo, wakamwomba aamue. Alikuwa akimuuliza kwanza yule aliyekuwa kimya. Siku moja walipita na jeneza kutoka kliniki. Kona iliwashinda, wakaliweka kitandani wapumzike. Wakamwomba Mama Pindo radhi, wakamwomba na marehemu radhi. Yeye aliondoa nguo za wateja zisikunjamane, akakaa nao mpaka walipopata pumzi.

Hakuwa na raha, wala hakuwa na karaha. Akiulizwa hali alisema, "Napitwa." Akiwa anaoga nyuma ya pazia alikuwa akiitikia salamu za watu asiowaona, na jioni alipofunga mlango hakujua amefunga nyumba au amefunga barabara. Mara mbili aliufungua tena kwa wasiwasi.

Kisha binti wa kaka yake akashikwa na uchungu, asubuhi, watu wakiwa wengi.

"Shangazi," alisema mlangoni, "yameanza."

Mama Pindo alitema pini alizokuwa nazo mdomoni, akapiga makofi. "Pisheni! Kwenye kona hapo, pisheni! Wewe mwenye jino, jino litangoja!"

Binti alishika kichwa cha kitanda, akapumua. Akashika kabati, akapumua. Akashika mkono wa shangazi yake, wakavuka kizingiti cha nyuma, na muuguzi alikuwa amesimama langoni na glavu. Mtoto alizaliwa chai ya Mama Pindo ikiwa bado haijapoa mezani. Wa kike. Alilia mpaka wakamsikia wanaosubiri bombani, na fundi viatu, ambaye hana dogo, alivua kofia akaishika kifuani akasema kuna vumbi humu ndani.

Siku hiyo Mama Pindo hakumwambia mtu afute miguu.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuchanganyika. Mwenyekiti alisema wameshinda. Fundi viatu akafungua dirisha, akanyoosha kidole: ukuta uko pale, chupa zinang'aa. Mwenyekiti akasema, hata hivyo mtoto yupo. Fundi akasema, mtoto yupo na ukuta upo. Wakakubaliana waende wote ofisini wakaulize.

Afisa wa ramani aliwapokea vizuri, kila mtu akapata kiti.

"Malalamiko yenu yalisema kliniki haifikiki," alisema.

"Ndiyo, bwana afisa."

"Sasa hivi inafikika?"

"Inafikika, lakini..."

"Inafikika kupitia wapi?"

"Chumbani kwa Mama Pindo," alisema mwenyekiti.

Afisa aliikunjua ramani mezani, akachukua penseli, akachora mstari kuanzia mlango wa mbele wa Mama Pindo mpaka mlango wake wa nyuma. Akapuliza unga wa penseli, akautazama mstari kichwa kikiwa upande. "Kumbe hapa pana njia," alisema. "Basi mmefanikiwa. Hongereni sana." Akasimama, akawapa mkono mmoja mmoja.

Walitoka nje wakiwa na mikono iliyopewa mikono, hawajui waiweke wapi.

"Tumeshinda?" aliuliza msukuma mkokoteni.

"Amesema hongereni," alisema mwenyekiti.

"Na ukuta?"

"Ukuta hakuutaja."

"Sasa hongera ya nini?"

"Mimi sijui. Nimeipokea tu."

Waliamua kurudi kwenye kazi yao ya zamani na kuutembelea ukuta. Alasiri walichukua mabango kitandani, wakatoka, wakajikuta langoni mwa kliniki.

"Nani anaumwa?" aliuliza muuguzi.

"Hakuna," alisema mwenyekiti. "Tunaandamana."

"Basi kaeni foleni."

Walijaribu tena kesho yake. Mara hii waliyatoa mabango kwa dirisha, wakazungukia nje, wakashika njia ya zamani kupitia bombani. Waliuona ukuta mbele yao, mkubwa, mweupe, na walitembea kuuelekea wakiimba. Wimbo ulipoishia walikuwa wanafuta miguu mlangoni kwa Mama Pindo. Wakajaribu kinyumenyume. Wakajaribu kwa kushikana mikono na mtu mmoja akitangulia na jicho lake halibanduki ukutani. Kila safari waliinama chini ya kamba ya nguo, wakapita kona ya kitanda, wakatokea kwa muuguzi. Kwa kuwa walikuwa wamefika, muuguzi aliwapima shinikizo la damu. Mwenyekiti alikutwa nalo juu akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Kikongwe mwenye miguu iliyovimba alipata nafuu na akaacha kuandamana.

Ukuta haukujificha. Ulionekana kutoka kila dirisha. Ila hapakuwa tena na njia ya kufika mbele yake, na mtu hawezi kuulalamikia ukuta kwa mbali. Anaonekana anasema peke yake.

Mwenye Ghala alikuja siku ya jua kali. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, amemshika mama yake mkono. Mama huyo alikuwa na maumivu ya kiuno. Gari lao lilikuwa limekwama nyuma ya malori yao wenyewe, na ukuta wao haukuwa na mlango upande wa kliniki, kwa kuogopa wezi. Wapagazi wake ndio waliomwelekeza kwa Mama Pindo. Alipiga hodi mara tatu na akangoja mpaka akaitikiwa, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya tangu njia ihamie. Akavua viatu bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkalishe mama kitandani apumzike. Karibu, dada, hapo hapo."

Mama yake alikaa, akapapasa shuka. "Umeshona mwenyewe hili pindo?"

"Mwenyewe."

"Mkono wako umetulia."

"Macho ndiyo yanayonitoroka, dada. Mkono bado." Mama Pindo alimgeukia mwanamume. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye ule ukuta?"

"Mimi, mama."

"Kwani ukuta huo una kazi gani?"

"Ni wa usalama tu, mama."

"Usalama wa nani?"

Mwenye Ghala alifikiri kwa uaminifu. "Wa magunia," alisema.

"Binti wa kaka yangu alizaa nyuma ya vitunguu kwa ajili ya ukuta huo. Mtoto hakulia."

Mwenye Ghala aliinamisha kichwa, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. Mama yake alishika mashavu. Mtu mwenye mguu wa plasta akawapitia, akasema hodi, akapita.

"Pole sana, mama," alisema Mwenye Ghala. "Pole kabisa. Mimi sikujua watu wanapata shida kiasi hiki." Alitazama chumba, akatazama kona ya kitanda, akapima kwa kiganja nafasi iliyopo mpaka kabatini. "Na hapa penyewe ni pembamba. Mgonjwa wa machela hapiti hapa. Hapana, hii si haki. Nitasema na ofisi. Niachie mimi."

"Sema nao," alisema Mama Pindo, aliyedhani wanazungumzia ukuta.

"Mwanangu ana moyo wa kusaidia," alisema mama yake akiinuka. "Tangu mdogo."

Na kweli alisema nao. Wiki haikuisha, afisa wa ramani akaja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Alimkuta Mama Pindo anatia uzi kwenye sindano, akamsaidia kwanza. Kisha akatoka nje akachora alama ya X ukutani mwa nyumba, kubwa, kutoka dirishani hadi karibu na msingi, akarudi ndani kuomba maji ya kunawa.

"Umenichorea nini?" Mama Pindo aliuliza, akimmiminia.

"Ni hifadhi ya njia, mama. Njia ya umma inapanuliwa kwa ajili ya wagonjwa. Nyumba iko katikati yake."

"Nyumba ilikuwepo kabla ya njia."

"Kwenye ramani njia imeonekana, nyumba haijaonekana. Pale penye nyumba pana majani."

"Na kitanda changu?"

"Kitanda ni mali yako, mama. Hicho unaruhusiwa kukihamisha." Alikausha mikono. "Bwana wa ghala amejitolea tingatinga lake bila malipo. Watu kama yule ni wachache."

"Na ukuta wake utavunjwa lini?"

Afisa alimtazama kama anayetafuta neno lililokuwa kwenye ncha ya ulimi. "Ukuta upi?" aliuliza. Mama Pindo akamwonyesha dirishani. Afisa aliutazama ukuta, akakubali kwamba ni mkubwa, na kwa kuwa alikuwa na miadi kliniki, akapita kona ya kitanda akatokea mlango wa nyuma.

Mkutano wa kamati ulifanyika nje, kwenye kivuli cha nyumba, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kusimama. X ilikuwa juu ya vichwa vyao na rangi bado ilikuwa mbichi. Msukuma mkokoteni aliegemea, akajibandua na nusu ya mguu wa X mgongoni.

"Tuipinge," alisema msukuma mkokoteni.

"Tupinge nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Kubomolewa kwa nyumba."

"Nyumba inabomolewa kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya njia."

"Na sisi ni kamati ya nini?"

Msukuma mkokoteni alijikuna mgongoni, vidole vikatoka vyekundu.

"Sisi ni Kamati ya Njia," alisema mwenyekiti, na sauti yake haikuwa na furaha. "Tumeitafuta njia mpaka nimepewa vidonge. Leo njia inapanuliwa, tusimame tuseme hatuitaki? Watatuuliza, nyinyi watu mnataka nini?"

"Tunataka ukuta uondoke," alisema fundi viatu, "njia irudi kwao, na mama huyu apate kuvaa soksi zake kwa amani."

"Vizuri. Tukaseme wapi? Ukutani hatufiki."

"Ofisini."

"Ofisini watatupa hongera."

 Mtu mmoja akapendekeza wapige kura. Waliotaka kuilinda nyumba wainue mikono. Mikono ilinyanyuka, mingi tu, halafu binti wa kaka yake Mama Pindo akatokea mlangoni na mtoto wake mgongoni, anatoka kumpima uzito, mtoto ana mashavu kama vitumbua viwili. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Waliotaka kuilinda njia wainue. Mikono ilinyanyuka, kisha watu wakamwona Mama Pindo amekaa kwenye kigoda chake, anapinda suruali ya mtu, na hiyo nayo ikashuka. Mwenyekiti alihesabu akapata kwamba kila upande umeshinda, au hakuna. Walimtazama Mama Pindo awaamulie, lakini alikuwa na pini mdomoni, na aliendelea kuwa nazo.

Binti alikaa chini karibu naye.

"Shangazi, utahamia kwangu."

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa.

"Lakini nyumba ikishabomolewa," binti alisema polepole, kama mtu anayehesabu mishono, "hapatakuwa na mlango wa mbele wala wa nyuma. Si ndiyo? Sasa watu watapita wapi?"

Mama Pindo alitoa pini moja, akaichoma kwenye suruali. Akatoa ya pili. Alipomaliza zote alisema, bila ya kupandisha sauti, "Njia haikai bure. Itahamia kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Yeyote mwenye mlango wa mbele na wa nyuma."

Alisema hivyo kwa binti, lakini kivuli kile kilikuwa kidogo na watu walikuwa wamebanana. Mwenyekiti alitazama kibanda chake cha kinyozi, akakumbuka kwamba ameacha wembe juani. Akaondoka. Fundi viatu hakutania mtu. Alifunga sanduku lake akaondoka nalo. Msukuma mkokoteni aliaga vizuri, akaenda na ile rangi mgongoni. Muda si mrefu hapakubaki mtu pale isipokuwa Mama Pindo, binti, na mtoto aliyekuwa amelala, pamoja na wale waliokuwa wanaingia mlangoni na kusema hodi.

Jua lilikuwa bado juu. Sauti ya kwanza ilitoka kwa kinyozi, chuma kinakwaruza saruji. Kisha ikatoka kwa fundi viatu. Kisha nyumba ya tatu, na ya pili yake, mpaka mtaa mzima ukawa unasikika unasogeza vitanda. Mama Pindo aliacha kushona akasikiliza. Wengine walikuwa wanakivuta kitanda kuziba mlango wa nyuma ili njia isipate pa kuingilia, na wengine walikuwa wanakiondoa mlangoni ili ikija ipate pa kupita, na kwa kusikiliza tu mtu hawezi kujua nani anafanya lipi.